Mkono wa Mama Scola

Jumamosi ile pale soko la samaki la Katonga, Kigoma, mitumbwi ilikuwa imeshusha migebuka mingi kuliko kawaida, na kelele zilisikika mpaka barabarani. Wanawake wenye mabeseni waligombea nafasi za mbele, wauza barafu walipita katikati yao wakisukuma mikokoteni, na juu ya kreti la soda lililopinduliwa alisimama kijana mmoja mrefu, mwembamba, shati jeupe limepigwa pasi, viatu vinang'aa. Alikuwa anaongea kwenye kipaza sauti kama mhubiri aliyekosa waumini.

"Ndugu zangu, mtu akiungua ni maji! Maji safi ya baridi, mengi, na kwa muda mrefu. Siyo dawa ya meno! Siyo yai! Siyo mafuta ya breki!"

"Na ugali je?" sauti ya kike ikamkatiza.

Watu wakaangua kicheko. Kijana akamtafuta aliyesema, akamwona. Alikuwa msichana mweusi wa kung'aa, gauni la kitenge cha Kongo rangi ya machungwa, mabega yamepandishwa juu kama ya malkia, khanga kiunoni, beseni la samaki miguuni.

"Ugali unakula, dada yangu," akajibu. "Ukiungua njoo hospitali. Tunafanya utafiti wa dawa mpya ya vidonda vya moto."

"Kumbe mnatafuta watu waungue!"

"Hapana! Tunatafuta walioungua tayari!"

"Basi shuka kwanza, daktari. Hilo kreti ni la mzee Bonifasi, anakuangalia tu kwa heshima."

Kijana aligeuka kumwomba mzee radhi, akakanyaga magamba, mguu ukaenda zake. Aliangukia palepale kwenye beseni la yule msichana. Safari hii hata mzee Bonifasi alicheka.

"Umekaa juu ya kitoweo cha mama yangu," msichana alisema, machozi ya kicheko yakimtoka. Kisha akainama, akanong'ona, "Usisimame haraka. Suruali imechanika nyuma."

"Imechanika sana?"

"Tumeshajuana sana, niseme hivyo."

Akafungua khanga yake, akamfunga kiunoni mbele ya umati, taratibu, kama anayempima nguo. Kijana alinuka samaki na sabuni. Moyo wa msichana ukapiga mara moja kwa nguvu, naye akaupuuza.

"Naitwa Scola. Nashona pale soko la Mwanga. Ukimaliza kuvaa khanga yangu, ilete. Na suruali ilete, nitaishona."

"Eliakimu," kijana akasema. "Ahsante, Fundi."

Jumatatu alifika kwenye kibanda chake. Khanga ilikuwa imefuliwa na kukunjwa vizuri. Mwanvua, fundi mwenzake Scola anayetoka Ujiji, alimtazama mgeni kuanzia kichwani mpaka viatuni, akamgeukia rafiki yake.

"Huyu ndiye wa beseni?"

"Ndiye."

"Mbona hukusema ana macho hivyo?"

Eliakimu akainamisha kichwa, Scola akajidai anatafuta uzi.

Alikuwa daktari kijana kutoka Same, milima ya Upare, aliyeletwa Kigoma na kundi la watafiti wanaojaribu jeli mpya ya kupaka vidonda vya moto. Hakuwa na ndugu wala rafiki mjini. Baada ya suruali ile alianza kuleta nguo ambazo hazikuwa na tatizo lolote.

"Hili shati lina nini?" Scola alimwuliza siku moja kwenye simu. "Nimeligeuza nje ndani, sioni kitu."

"Kifungo cha tatu kinanipa wasiwasi."

"Kifungo kimekaza kama msumari."

"Basi wasiwasi ni wangu mwenyewe. Unaweza kuushona?"

"Nina sindano ya cherehani tu, Daktari. Wasiwasi unashonwa kwa mkono."

"Nitauleta jioni."

Wakawa wanakutana baada ya kazi. Mara nyingi walishuka Ujiji ufukweni, mahali ambapo mafundi wanagonga mbao za boti mpya, wakala migebuka ya kuchoma na ugali wa muhogo. Scola alivaa vitenge alivyoshona mwenyewe, kila mara mshono mwingine. Eliakimu alikuwa na mashati manne tu, na yote Scola aliyajua kwa vifungo vyake.

"Hivi hiyo dawa yako mpya inaponya?" Scola aliuliza jioni moja.

"Sijui."

"Daktari gani hajui dawa yake?"

"Ndiyo utafiti wenyewe. Kuna dawa mbili, ile ya siku zote na hii mpya. Tyubu zinafanana, rangi moja, harufu moja, tofauti ni namba. Nani anapata ipi inaamua kompyuta. Mgonjwa hajui, nesi hajui, na mimi ninayepima vidonda sijui."

"Wewe wanakuficha kwa nini? Hawakuamini?"

"Hata mimi sijiamini. Nikijua huyu amepata ile mpya, nitaanza kuona ninachotaka kuona."

Scola akacheka, akamlisha tonge. Kwake yalikuwa maneno ya kazi tu, ya kupita.

Kisha yakatokea ya mawese.

Mama yake Scola, Verediana, ambaye majirani wa Mwandiga walimwita Mama Scola, alikuwa mjane anayepika mawese nyuma ya nyumba yake. Mchana mmoja, Scola akiwa amekuja kumsaidia, jiwe moja la jiko lilihama. Sufuria likainama. Mafuta ya moto yakamwagikia mkono wa kulia wa mama, kuanzia vidoleni hadi karibu na kiwiko.

Eliakimu alipokea simu, akasikia kilio kabla ya neno.

"Eli! Mama kaungua! Mawese! Mkono wote!"

"Scola, nisikilize. Maji. Mwagia maji ya baridi, usiache. Ana pete?"

"Anayo."

"Ivue sasa hivi kabla hajavimba. Halafu funika kwa kitambaa safi, mlete."

"Jirani ameleta dawa ya meno!"

"Mwambie akapigie mswaki."

Hata katikati ya kilio kile Scola alitoa kicheko kimoja kilichovunjika, na baadaye alikumbuka kwamba ni sauti ile tulivu iliyomfanya aweze kusimama.

Hospitalini, baada ya huduma ya kwanza, mkuu wa utafiti alikuja kuongea nao. Aliitwa Dokta Aikande, mama wa makamo, mwenye miwani na maneno machache. Alieleza yote polepole: dawa mbili, bahati nasibu ya kompyuta, ruhusa ya kujitoa wakati wowote.

"Hapana," Scola alisema upesi. "Mama yangu hajaribiwi."

"Scola, mkono ni wako?" mama akauliza.

"Mama..."

"Nauliza, ni wako au ni wangu?" Akamgeukia daktari. "Nikipata ile ya zamani, ni ileile anayopewa kila mtu?"

"Ileile, Mama. Na tutakuangalia kwa karibu zaidi."

"Basi niingizeni."

Eliakimu alikuwa amesimama mlangoni. Yeye ndiye atakayekipima kidonda kila mara mama anapokuja kubadilishiwa bandeji. Hapo hapo alipaswa kusema kwamba binti wa mgonjwa ni mpenzi wake. Neno lilifika mdomoni, likarudi. Hajajitambulisha kwao, hajapeleka hata salamu rasmi. Aseme nini? Kwamba anakula migebuka na binti wa watu? Akanyamaza, akijiambia atasema wiki ijayo.

Wiki ijayo ikaja, na nyingine. Mama Scola alikuwa mgonjwa wa kupendeza. Alimwamkia kila mtu kwa Kiha, "Mwakeye!", na Eliakimu akajifunza kumjibu, vibaya, na mama akacheka huku akiuma meno kwa maumivu. Scola alikaa pembeni ameshika mkono wa mama yake ulio mzima, macho yake hayatoki usoni kwa Eliakimu. Bandeji ikifunguliwa alimwangalia yeye. Kidonda hakukiangalia.

"Kinaendaje?"

"Kinafunga," Eliakimu alijibu. "Naona kinafunga, Mama."

Na uso wa Scola ulifunguka kiasi kwamba chumba kizima kilipata mwanga. Huko nje kwenye varanda alimshika kidole kimoja cha mkono, kwa siri, akakibana.

"Mpenzi wangu, Mungu akubariki."

Eliakimu akaandika: nusu ya jeraha imeshafunikwa na ngozi.

Siku chache baadaye Dokta Aikande alimwita ofisini. Kwenye kompyuta kulikuwa na picha za mkono, moja baada ya nyingine.

"Umeandika imefunga nusu. Mimi naona robo. Mwenzetu wa Dar naye anaona robo. Wagonjwa wengine wote tunakubaliana na wewe, Eliakimu, kasoro huyu. Kwa nini?"

Eliakimu akainama kwenye kioo. Mara ya kwanza aliona alichokuwa akikiona siku zote, ngozi changa ya waridi ikitambaa kutoka pembeni. Akapepesa macho, akaangalia tena. Ngozi haikuwepo. Ulikuwa utando tu, na chini yake palikuwa pamelala peupe, pamekufa. Alichanganyikiwa. Hakuwa amedanganya. Alikuwa ameona kweli, na alichokiona hakikuwepo.

"Dokta," akasema, "nampenda binti yake."

Dokta Aikande alivua miwani.

"Tangu lini?"

"Kabla hajaungua."

"Na ukanyamaza."

"Nilinyamaza."

"Kidonda cha ndani kama hiki jeli yoyote haitoshi. Huyu mama alitakiwa kupandikizwa ngozi mapema. Sisi tulikuwa tunasubiri kwa sababu wewe uliandika kinafunga." Akavaa miwani tena. "Unatoka kwenye kliniki leo. Utakwenda Ilagala kuwafuatilia wagonjwa wa huko. Na mambo ya kidonda hiki usiyazungumze na familia ile mpaka utafiti ufungwe. Mimi nitawaambia wanachotakiwa kujua."

Eliakimu alitoka nje akiwa hajui kushoto wala kulia. Alishika simu, akaanza kuandika, akafuta, akaandika tena. Mwisho akatuma: *Scola, nimehamishiwa Ilagala. Nipe muda. Kuna jambo siwezi kueleza sasa. Nisamehe.*

Scola aliusoma ujumbe ule akiwa kwenye benchi la hospitali, maana asubuhi hiyohiyo mama yake alikuwa ameamka na homa, mkono unanuka, usaha umelowanisha bandeji. Aliusoma tena na tena, na kila mara maneno yalimaanisha kitu kingine. Akapiga.

"Eli, uko wapi? Mama ana homa!"

"Najua... nimesikia. Wanamwangalia vizuri, Scola."

"Njoo!"

"Siwezi kuja."

"Huwezi au hutaki?"

Upepo wa ziwa ulisikika kwenye simu.

"Siwezi kulizungumzia."

"Kulizungumzia nini? Jana kidonda kinafunga, leo kimeoza, na wewe huwezi kuzungumza! Ni ile dawa, sivyo? Mmempaka mama yangu dawa mbaya, mmeona imeshindikana, wewe ukakimbia!"

"Sijui alipakwa ipi. Nakuapia, sijui."

"Basi kuna unalolijua hata moja?"

"Nakupenda. Hilo najua."

"Hilo nalo hulijui," Scola akasema, akakata simu. Kisha akaizuia namba yake.

Mama Scola alisimamishiwa jeli, akapewa sindano za kuua vijidudu, homa ikashuka. Halafu akaingizwa chumba cha upasuaji. Walikata ngozi nyembamba pajani kwake, wakaipandikiza mkononi. Scola alisubiri nje, amevaa gauni jeusi lisilo na mshono wa maana, yeye ambaye hata sokoni hakwenda bila mapambo. Mwanvua alikuwa karibu naye na chupa ya chai.

"Hata salamu hajatuma?" Mwanvua akauliza.

"Nimemzuia."

"Sasa atatumaje?"

"Angekuja kwa miguu."

"Scola, unamtaka aje au unataka asije?"

"Sijui, Mwanvua. Nikisikia mlango nageuka nikidhani ni yeye. Nikikumbuka ni yeye naomba asiwe yeye. Mimi ni mzima kweli?"

"Unampenda tu. Kunywa chai."

Ngozi ilishika. Kidogo kidogo mkono ukarudi kuwa mkono, wenye mabaka, wenye rangi mbili, lakini mkono. Ila vidole viwili vya mwisho vilikuwa vimejikunja wakati wa kusubiri kule, na mazoezi yote hayakuvinyoosha kabisa. Mama Scola alijifunza kukoroga sufuria kwa mkono wa kushoto. Mvua zikaja, zikaondoka. Cherehani ya Scola ikashona magauni ya harusi za watu. Kila mteja aliyeleta suruali ya kiume alimkasirisha bila sababu.

Utafiti ulipofungwa, Dokta Aikande aliwaita wagonjwa wote mmoja mmoja kuwaeleza matokeo. Mama Scola alikwenda na binti yake.

"Dawa mpya siyo mbaya, wala siyo muujiza," daktari alisema. "Kwa walioungua juu juu inapunguza maumivu ya kubadilisha bandeji. Kwa walioungua ndani kama wewe, Mama, haina tofauti na ya zamani. Unataka kujua ulipata ipi?"

"Niambie."

"Ya zamani. Ileile tunayompa kila mtu."

Scola alihisi kama kiti kimesogea chini yake. Miezi yote ile alikuwa amemlaani mtu kwa jeli ambayo haikuwahi kumgusa mama yake.

"Kwa hiyo Eliakimu..." akaanza, akashindwa.

"Na kuhusu yeye kuna la kuwaambia ninyi," Dokta Aikande alisema. "Kidonda hiki kilipimwa vibaya. Kiliandikwa kinapona wakati hakiponi, na upasuaji ukachelewa. Niliwaomba radhi wakati ule kwa niaba ya wote, bila kutaja kosa wala mtu, kwa sababu ni mimi niliyetakiwa kushtuka mapema. Nilipomwonyesha picha, hakujitetea. Akasema anampenda binti yako, macho yake hayafai. Ndipo nikamtoa."

"Ulimkataza kuongea na mimi?" Scola akauliza.

"Nilimkataza kuongelea kidonda. Kusalimia sikumkataza. Kama alinyamaza yote, hayo ya kwake." Akatabasamu kidogo, kwa uchovu. "Bado yuko Ilagala. Mkataba wake unaisha mwezi huu, anarudi kwao."

Nje ya lango Scola alisimama juani.

"Mama, sielewi. Kumbe dawa haikuwa na kosa, yeye ndiye mwenye kosa. Halafu kosa lenyewe ni kwamba ananipenda. Nimkasirikie vipi?"

"Mimi usiniulize," mama akasema. "Mimi naumwa mkono tu, wewe ndiye unaumwa huyo mtu. Nenda Ilagala kamwulize mwenyewe."

Kesho yake Scola alivaa gauni la kijani alilolishona kwa ajili ya sikukuu ambayo hakwenda, akajipaka mafuta, akajifuta mafuta, akajipaka tena. Njia nzima ya Ilagala alipanga maneno. Mpaka mto Malagarasi ulipoanza kuonekana kati ya mianzi na migomba alikuwa na hotuba mbili kichwani, moja ya kumtukana na moja ya kumwomba msamaha, na zilishaanza kuingiliana.

Alimkuta kwenye uwanja wa zahanati, amepiga magoti, anamfunga bandeji mvuvi aliyelipukiwa na jiko la mafuta ya taa. Alikuwa amekonda. Shati lilikosa kifungo.

Eliakimu aliinua macho. Mkasi ukamtoka mkononi.

"Malizana na mgonjwa wako," Scola alisema. "Nitasubiri."

Alimaliza. Mvuvi alitazama huku na huku, akaelewa, akachechemea zake haraka kuliko alivyoruhusiwa. Wakatembea hadi ukingoni mwa mto, mahali wanawake wanapoanika muhogo. Hakuna aliyemgusa mwenzake.

"Mama hajambo?" Eliakimu akaanza.

"Hajambo. Vidole viwili havinyooki."

Alifumba macho. "Najua. Niliuliza."

"Uliuliza nani?"

"Kila mtu isipokuwa wewe."

"Dokta Aikande ametuambia yote. Sasa nataka nisikie kwako. Siku zile ulipokuwa unasema kinafunga, uliona nini, Eli? Usinidanganye."

Eliakimu alitazama maji yanayokwenda ziwani.

"Niliona kinapona. Hakikuwa kinapona. Ulikuwa unaniangalia, Scola, na kila nikisema kinafunga uso wako unabadilika. Kuna siku nilifika nikiomba kiwe kimefunga, na kikafunga machoni mwangu. Nilikuwa nakuona wewe."

Scola alimpiga. Kofi moja, la begani, lisilo na nguvu. Halafu akalia.

"Na kwa nini ulinyamaza baadaye? Ungesema tu, nimekosea. Neno moja! Mimi nimeishi miezi na dawa niliyoibuni kichwani, namlaani mtu nisiyemjua."

"Nilikatazwa mambo ya kidonda. Halafu nikaona kidonda ndicho kila kitu, nikisema habari yako tu nitakuwa mnafiki. Baadaye nilipiga, nikakuta umenizuia. Nikasema ni haki yako." Akapangusa uso kwa mkono wa shati. "Nilikuja Mwanga mara mbili. Nikakuona unashona. Nikarudi."

"Umekuja ukarudi!"

"Niliogopa."

"Mwanaume mzima!"

"Mzima kabisa."

Scola alicheka ndani ya machozi, akakasirika kwamba amecheka.

"Sijui nikuchukie au nikukumbatie. Nimetoka Kigoma sijui, na hapa bado sijui."

"Anza na kimoja," Eliakimu alisema polepole. "Kingine kipo, hakiondoki."

Scola alimtazama mtu huyu aliyemletea mashati mazima kushonwa, aliyemwambia mama yake maneno ya uongo bila kujua ni uongo. Akasogea, akaweka paji la uso wake kwenye kifua chake, palepale kifungo kilipokosekana. Kilinuka dawa ya vidonda. Alikaa hivyo muda mrefu, bado ana hasira, bado hataki kuondoka.

Simu yake ikalia. Akaiweka sauti ya juu.

"Umempata?" mama aliuliza.

"Nimempata, Mama."

"Mzima?"

"Amekonda."

"Mwambie Jumapili aje kunisalimia kama watu wanavyosalimiana. Asije na futi ya kupimia mkono."

Jumapili Eliakimu alifika Mwandiga na suti ya kijivu, amefuatana na mzee mmoja wa Kipare anayefundisha mjini, maana hakuwa na ndugu wa kumsemea. Mama Scola alikuwa amevaa kitenge kipya na amekaa kwenye mkeka.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Hakungoja kukaa. Alipiga magoti, akasema yote, kidonda, picha, kunyamaza, bila kujipunguzia. Alivitaja na vidole. Mama Scola alimsikiliza hadi mwisho.

"Mkono umeunguzwa na mawese," akasema. "Vidole hivi, vyako na vyangu. Hata mimi ulipokuwa unasema kinafunga nilikuwa nasikia kinaniwaka ndani, nikanyamaza, kwa sababu nilipenda kukusikia ukisema. Hilo nimekusamehe. La kumliza mwanangu miezi yote, hilo mwombe yeye."

"Nimemwomba."

"Amejibu nini?"

Wote wakamgeukia Scola, aliyekuwa mlangoni na sinia la chakula.

"Sijamaliza kumkasirikia," Scola alisema. "Huenda nisimalize mwaka huu."

"Basi tuahirishe?" mzee wa Kipare akauliza kwa wasiwasi.

"Sijasema tuahirishe!" Scola alijibu upesi mno, na uso ukamwaka. "Nitamkasirikia akiwa hapa. Akienda Same nitamkasirikia nani?"

Mama Scola akaangua kicheko, mzee akafuata. Eliakimu alibaki magotini, mdomo wazi, akiwa hajui kama ameposa au ameposwa.

"Wewe ni Mkatoliki?" mama akamwuliza.

"Mlutheri, Mama."

"Tutaonana na padri." Akasogea kwenye mkeka, akampa nafasi ya kukaa. "Inuka, mwanangu, chakula kinapoa. Scola, mletee mumeo maji ya kunawa."

Scola alileta maji. Alimmiminia polepole, kichwa kimeinama. Maji yalipokwisha kwenye birika alikuwa bado ameinamisha birika vilevile, na Eliakimu bado amekinga mikono.